Ngwe ya Zita

Kuna kitu kimoja wifi yangu Zita anakitamani kuliko vyote, na wala si kitu cha kumshtua mtu. Hataki bati jipya, hataki kwenda kukaa mjini kwa mwanawe, hata kupona kabisa hataki tena kusikia habari zake, maana ameshaambiwa hilo halipo. Anataka kupimiwa ngwe. Anataka Mzee Silvesta aje na ufito wake, apime, achore mstari, aseme, "Hapa Mama Hilary," halafu apite zake kwenda kwa mwingine kama vile hakuna jambo.

Wewe wa mjini huenda hujui ngwe ni kitu gani, ngoja nikueleze tusije tukapotezana njiani. Huku kwetu juu, kati ya Makambako na Njombe, mtu halimi shamba kubwa peke yake akavunjika. Anaita mgowe. Anapika pombe ya komoni, anapika chakula, anawaambia majirani, nao wanakuja na majembe yao asubuhi baridi ikiwa bado inauma vidole. Leo kwako, siku nyingine kwangu. Mmoja anayeaminika anagawa shamba kwa ufito, vipande virefu vyembamba kutoka chini mpaka juu, kila mkulima na chake. Hicho kipande ndiyo ngwe. Ukishapimiwa, wewe ni mtu miongoni mwa watu. Na sheria ni moja tu: hakuna kunawa mikono kula mpaka ngwe zote ziishe. Aliyewahi kumaliza anarudi kumsaidia aliyechelewa, mnamaliza, mnanawa, mnakaa.

Zita hakuwa wa kusaidiwa. Nilimkuta hivyo tangu kaka yangu alipomwoa, na kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anajificha nyuma ya nyumba kwa aibu ya kushindwa kulima na mke wake. Alikuwa analima pekupeku. Anavua kandambili, anazipanga vizuri chini ya kichaka, anauchezesha mguu kwenye udongo kwanza kama anayejaribu maji ya kuoga, ndipo anapiga jembe. Alikuwa anasema mguu ndio unaomwambia ardhi imekaaje, iko tayari au bado. Mimi nilikuwa namcheka. Namwambia, wifi, miguu yangu mimi inaniambia baridi tu. Na yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo. Sauti yake nzito, si ya kike sana, ukiisikia jembe linanyanyuka lenyewe. Akifika juu anageuka, anatutazama sisi tuliobaki katikati tunahema, anauliza, "Jamani, mnalima au mnatafuta sindano?"

Huyo ndiye Zita. Sasa msikilize wa leo.

Presha ilimjia kwanza, kimyakimya, tukajua siku alipoanguka kigangoni kwenye ibada. Ikaja sukari. Hayo mawili akayabeba, anameza vidonge vyake, anaacha chai ya sukari, analalamika lakini anakwenda. Halafu mgongo. Mgongo haukuja kwa kuanguka wala kwa kupigwa. Ulikuja kwa kuni, kwa ndoo, kwa magunia ya viazi, kwa miaka yote ile ya kuinama. Mwanzo ulikuwa unauma jioni tu. Ukasogea mchana. Ukahamia kabisa asubuhi, ukashuka kwenye paja mpaka ugokoni, na sasa ndio umekuwa mwenye nyumba, mimi ninayeishi naye na yeye mwenyewe wapangaji. Akitaka kuinuka kitandani anageuka ubavu kwanza, anashusha miguu, anashika ukuta, anapumzika, ndipo anasimama. Akipiga chafya anashika meza. Na kibaya zaidi, haya magonjwa yake hayapatani. Vidonge vya maumivu alivyokuwa ananunua dukani vinampandishia presha. Asipotembea sukari inapanda, akitembea sana mgongo unafoka. Akimridhisha mmoja, wawili wananuna.

Watu wetu ni wema, hilo siwanyimi. Mwaka wa kwanza walimpimia ngwe nyembamba. Akanuna lakini akalima. Mwaka uliofuata wakamwambia, mama, wewe kaa na wapishi. Akakaa na wapishi, na moshi ule, na kuinamia masufuria ambayo, nakwambia kweli, ni mazito kuliko jembe! Baada ya hapo wakaacha kumwambia kabisa. Mgowe unaitwa, mimi napitiwa, "Dada Lidia, kesho kwa fulani," wanateremsha sauti ili asisikie, kama watu wanaonong'ona msiba. Na yeye yuko jikoni anasikia kila neno.

Siku za mgowe wa watu alikuwa anatoka, anasimama nyuma ya nyumba pale kwenye mianzi, anaegemea mkono mmoja, anasikiliza. Upepo ukija upande wetu unaleta wimbo na majembe. Siku moja nilirudi kuchukua maji nikamkuta hapo. Hakugeuka. Akasema, "Anayeanzisha ni nani?"

Nikamwambia ni Dainess, mkwe wa Silvesta.

"Anauvuta mno. Wanaoitikia wanachoka kabla ya jembe." Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea kwake, "Wifi, mimi nawakumbuka. Mko hapo tu, na mimi nawakumbuka kama mtu aliyehamia mbali."

Nikachukua maji yangu nikaenda.

Basi. Mwezi wa kumi uliopita, Hilary akapiga simu. Hilary ndiye mwanawe pekee, fundi wa pikipiki Makambako, kijana mzuri mwenye moyo mweupe, kichwa tu ndicho kinachotangulia mbele ya macho. Akasema, "Shangazi, mlete mama, kuna daktari wa mifupa anakuja hospitali huku. Mje mlale kwangu, siku ya pili ndiyo mrudi. Msiharakishe." Alivyokazia hilo la kutoharakisha ningepaswa kushtuka. Nani anatuambia sisi tusiharakishe na mvua imekaribia?

Tukaenda. Daktari mwenyewe nilitegemea mzee mwenye miwani, kumbe dada mdogo, mpole, ana mafua. Hakumkimbiza. Alimwambia aingie atembee, ainame, akae, ainuke. Akamvua soksi, akamgusagusa nyayo kwa kijiti chenye uzi, "Hapa unasikia? Na hapa?" Zita anatazama dari anasema, bado hujagusa. Na mwenzie keshagusa kila mahali. Nikauona uso wa wifi yangu alipolijua hilo. Akaangalia miguu yake kama ya mtu mwingine.

"Sukari imekula hisia za miguu, mama," daktari akasema. "Kuanzia leo usitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Ukichomwa na mwiba hutajua, kidonda kitakuwa kikubwa. Kila jioni mtu akuangalie nyayo." Halafu akamweleza habari za pingili za mgongo zilivyochakaa na mshipa unaobanwa, akamkataza vile vidonge vya dukani kwa ajili ya presha na figo, akamwandikia vingine.

Zita akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umemaliza kuninyang'anya? Maana jembe walishaninyang'anya, sasa na udongo."

"Jembe nani kakunyang'anya?"

"Watu wote."

"Mimi simo," daktari akasema, akapenga kamasi. "Mama, mgongo huu sikudanganyi, hautarudi kuwa wa usichana. Lakini ukiulaza kutwa unakaza, unauma zaidi. Lima. Lima kidogo, na upumzike kabla haujaanza kukuchapa, usingoje. Mpini uwe mrefu usiiname sana. Vaa mabuti. Na usiende shambani na njaa, zile dawa za sukari zitakuangusha. Kidogo kidogo, mama. Kuna atakayekucheka?"

Weee! Ungemwona. Tulipotoka nje alinishika mkono mpaka pete yangu ikaniumiza. "Umesikia, wifi? Umesikia kwa masikio yako? Kasema lima." Akarudia mbele ya mlango, akarudia kwenye benchi kwa mama mmoja wa Wanging'ombe asiyemjua kabisa, yule mama akasema hongera. Haikupita muda tuko sokoni Makambako, tunachagua mpini. Alichagua mpini huo kama anachagua mchumba! Anaugonga chini, anausikiliza, anaunusa, muuzaji kachoka. Akapata mmoja mrefu, mwepesi, umenyooka. Akanunua na mabuti ya mvua meusi, akayavaa palepale, anatembea nayo kati ya nyanya na vitunguu anajitazama. Nikacheka mpaka machozi. Usiku ule kwa Hilary aliulaza mpini pembeni ya godoro.

Kesho yake Hilary mwenyewe alitupeleka, kaazima pikapu ya rafiki yake. Njia nzima anatabasamu peke yake. Zita kaushikilia mpini umetokeza dirishani, anaongea tu. Atakapoanzia. Kwamba ataanza na kona ya chini pale kwenye shamba lake, penye udongo laini, kipande kwa siku, kabla mvua haijakaza. Kwamba mwaka huu mahindi yake atayapanda mwenyewe. Hilary anazidi kutabasamu.

Tukakata kona ya kigangoni, tukasikia vigelegele.

Watu wote walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba letu. Silvesta na ufito wake, Hilda jirani yetu na sufuria lake, Dainess, jumuiya nzima ya kwetu. Na shamba la Zita lilikuwa limelimwa. Lote. Kutoka chini mpaka juu, mpaka kona ile ya udongo laini, mpaka pembeni ya mianzi. Halikubaki hata jani. Udongo mwekundu umelala umetulia, na watu wamenawa, wamekula, wanatungoja sisi.

Hilary akaruka chini, akamfungulia mama yake mlango. "Mama, geuka uone! Hutagusa kitu mwaka huu. Wewe pumzika tu."

Zita alishuka taratibu, ubavu kwanza. Akasimama na mabuti yake mapya na mpini mkononi. Akatazama. Nikaona mdomo wake unatetemeka, na watu wakadhani ni furaha, wakapiga vigelegele tena. Akawaambia, "Asanteni. Asanteni sana. Mungu awabariki." Alipita kwa kila mmoja akampa mkono, adabu yake yote, hakumruka mtu. Halafu akaingia jikoni, akausimamisha mpini nyuma ya mlango, akakaa kwenye kigoda, akalia.

Sijawahi kumwona akilia vile, hata tulipomzika kaka yangu. "Hata langu, wifi," anasema. "Hata langu mwenyewe hawakuniachia kipande cha kusimama. Jembe la kwanza ni la mwenye shamba, wamelipiga wao."

Mimi damu yangu huwa haingoji. Nikatoka nje. Nikamkuta Hilary anagawa soda. Nikamwambia, "Hilary, wewe na hao wenzako mmemzika mama yenu mzima. Mmelima mpaka kaburi lake mmelisawazisha."

"Shangazi! Nimekosa nini? Mama mgonjwa, nimewaomba watu wamsaidie, nimekosa nini?"

"Ulimuuliza?"

Akabaki na chupa mkononi. Kijana wa watu, macho yakamjaa maji. Na mimi hasira ikaniisha nusu, maana kweli, kakosa nini? Kafanya kile ambacho kila mtu angemsifu. Walivyoondoka hakuna aliyenitazama usoni.

Zita hakulisema tena jambo hilo. Akaacha hata kusimama kwenye mianzi. Asubuhi anavaa mabuti yake ndani ya nyumba, anazunguka uani kama alivyoambiwa na daktari, anarudi, anakaa. Wapita njia wanamwambia, "Pole mama, endelea kupumzika," anaitikia, "Ahsante." Mimi nilikuwa natamani anitukane kidogo, aniulize kama natafuta sindano. Nyumba ilikuwa imepoa.

Mawingu yakaanza kupanda upande wa Lupembe. Tukasikia harufu ya komoni kutoka kwa Hilda, nikajua ni mgowe wake wa mwisho kabla ya mvua. Safari hii hata kupitiwa sikupitiwa, nadhani waliogopa mdomo wangu. Asubuhi naamka, namkuta Zita jikoni anakula ugali wa jana na maharage, anakula kwa bidii kama anayekwenda safari. Jembe liko pembeni yake, limetiwa mpini mpya.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Kwa Hilda."

"Hujaitwa."

"Na wewe umeitwa?"

"Wifi, acha. Utakaa katikati ya shamba ushindwe, watu wakumalizie, urudi hapa ulie tena. Sitaki."

Akameza tonge, akanitazama. "Nani kakwambia nakuomba ruhusa, Lidia? Nibebee kindoo cha kukalia."

Nikabeba kindoo. Ningefanyaje?

Tulipofika Silvesta alikuwa ameshaanza kupima. Watu wamejipanga chini ya shamba, wanapuliza mikono. Walipotuona wakaacha kupuliza. Zita akaenda akasimama mwisho wa mstari, miguu ndani ya mabuti, jembe begani. Silvesta anapima, anachora, anataja majina. Akanifikia mimi, akanipimia. Akafika kwake, akasita.

"Kamwene, Mama Hilary. Umekuja kututembelea?"

"Kamwene, mzee. Nimekuja kulima. Nipimie."

Silvesta akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake. "Mama, si kwamba sitaki. Nikikupimia na usipomaliza, unajua mwenyewe hawa watakachofanya. Hawawezi kunawa na ngwe imebaki. Watakumalizia tu."

"Sitaki mtu aguse ngwe yangu."

"Basi leo hatuli!"

Watu wakacheka, cheko la wasiwasi. Zita hakucheka. "Mzee Silvesta," akasema, "mgongo ni wangu. Sukari ni yangu. Presha ni yangu. Hayo mmeniachia yote, hakuna aliyekuja kunisaidia kuyabeba usiku. Kwa nini hiki kimoja ninachokipenda ndicho mnachonionea huruma?"

Hapo ndipo Hilda akatoka moshini na mwiko mkononi, kajaa unga mpaka kwenye nyusi. Hilda si mtu wa maneno mengi. "Shamba hili la nani?" akauliza.

"La kwako," Silvesta akasema.

"Mpimie. Ikibaki, ibaki. Mtanawa, mtakula, ngwe itamngoja mwenyewe."

"Mama, haijawahi kutokea ngwe ikalala."

"Haya, leo italala." Akarudi kwenye sufuria lake.

Silvesta akashika ufito. Akapima. Zita anaangalia ule mstari unavyochorwa, akasema, "Hiyo ngwe ya mtoto. Rudi." Mzee wa watu akarudi, akafuta kwa mguu, akapima upya, ngwe nzima, sawa na ya kila mtu. Akasimama wima, akasafisha koo. "Hapa Mama Hilary," akasema, akapita kwenda kwa mwingine.

Nilimtazama wifi yangu nikaona amekuwa mrefu.

Alipiga jembe la kwanza, akasimama. La pili, akasimama. Kabla hajapiga la tatu aliukandamiza mguu chini, na buti lake, akaugeuza huku na huku. Akaniangalia. "Hausikii," akasema. "Udongo naukumbuka tu ulivyokuwa." Akaendelea.

Sisi wengine tulikwenda mbele, ndivyo ilivyo. Dainess akaanzisha wimbo, akauvuta kama kawaida yake. Tukaitikia, tunachoka. Halafu kule nyuma, chini kabisa, ikaja ile sauti nzito. Ilikuwa imekauka, ina mikwaruzo, lakini ilimkata Dainess katikati, ikaushika wimbo mahali pake. Majembe yakanyanyuka pamoja. Nakwambia sikuona ninacholima kwa sababu ya machozi, nimelima mpaka kwenye ngwe ya jirani. Hata Dainess alikuwa anacheka anaitikia.

Alilima kidogo, akakaa kwenye kindoo akiendelea kuimba, akainuka, akalima kidogo. Kila akikaa anafumba macho, najua mguu unamwaka moto. Jua lilipokuwa juu sisi tulishafika mwisho, na yeye hajafika hata robo. Tukateremka. Na unajua mazoea, vijana walipofika kwake majembe yakageuka yenyewe kuelekea kwenye ile ngwe, hata hawakufikiri. Silvesta akaweka ufito wake mbele yao kama anayezuia ng'ombe.

"Hiyo ina mwenyewe," akasema. "Nendeni mkanawe."

Tukanawa. Tukakaa. Kulikuwa na ugali, maharage na kabichi, na ngwe ile imekaa katikati ya shamba na majani yake. Kila mtu anaitazama kwa wizi, mkono unakawia kwenda mdomoni. Zita alikula kidogo, akakataa togwa kwa sababu ya sukari, akanywa maji. Aliyekaa naye akamwambia, "Leo umetuchosha na wimbo wako." Akajibu, "Mlikuwa mmezoea kuimba kama mnalea mtoto." Wakacheka. Siku nyingi sijamwona akitaniwa.

Kesho yake hakuinuka. Na keshokutwa. Nilimkanda, nikampa dawa, nikamgombeza. Nikadhani imeishia hapo. Siku iliyofuata nikasikia mabuti uani. Akaenda akalima kipande cha kukalia mtu, akarudi. Ikawa hivyo. Siku mgongo umempa ruhusa anakwenda, siku umemkatalia analala. Mvua ikanyesha. Hilda akapanda mahindi yake kulia na kushoto, akaiacha ngwe ile na majani yake katikati, na wapita njia wakawa wanauliza, Hilda, mbegu zilikuishia? Anawajibu, "Hiyo ni ya mtu." Hafafanui.

Hilary akaja Jumapili moja baada ya misa. Akamkuta mama yake kwenye ngwe, kakaa kwenye kindoo anahema. Akashika jembe. Zita akamtazama tu. Kijana akaliweka chini. Akabaki anageukageuka, hajui mikono aipeleke wapi, halafu akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani. "Basi mama, lete buti nikuangalie nyayo." Akamvua, akamwangalia vidole kimoja kimoja, akampangusa kwa leso yake, akamvisha tena. Zita akamwekea mkono kichwani, akasema, "Hapo sawa."

Sasa mahindi ya Hilda yamefika kiunoni. Kwenye ngwe ya Zita yanapanda kwa ngazi, maana kila kipande alichomaliza kulima alikipanda mwenyewe. Ya chini yanafika gotini kwa sababu aliyapanda kwanza, ya juu yake mafupi, ya juu yake ndiyo kwanza yanachungulia. Na kule mwisho kabisa kimebaki kipande cha majani, kama mikeka michache ukiitandika. Angekuwa Zita yule wa zamani angekimaliza kabla chai haijapoa. Baridi ya mvua imemshika vibaya safari hii, mguu wa kulia umekuwa mzito, ni siku nyingi hajatoka. Mahindi hapo hayawezi kuzaa tena mwaka huu, msimu umepita. Yeye anajua. Hakuna jambo la udongo ambalo Zita halijui.

Lakini jioni nikirudi kutoka kisimani, kabla sijatua ndoo, ananiuliza kutoka kitandani.

"Kile kipande bado kipo?"

"Kipo."

"Hawajakigusa?"

"Nani akiguse, wifi? Ni chako."

Nasikia anavyojigeuza ubavu, anavyouvuta mguu. Halafu ananiambia nimsogezee mabuti karibu na kitanda, yasije yakawa mbali asubuhi.